Msimbo wa kanda wa DVD

Msimbo wa kanda wa DVD ni namba inayowekwa ndani ya diski ya DVD na ndani ya kifaa cha kuichezea, ili diski iliyouzwa katika sehemu moja ya dunia isikubali kuchezwa na kifaa kilichouzwa katika sehemu nyingine. Dunia imegawanywa katika kanda sita za kibiashara, pamoja na namba mbili za matumizi maalumu. Tanzania, kama sehemu kubwa ya Afrika, iko katika kanda ya 5.

Katika pwani ya Kilwa na Lindi msimbo huu huonekana zaidi pale diski inapoletwa na ndugu au mgeni kutoka ng'ambo, hasa Omani, Falme za Kiarabu, Afrika Kusini na Ulaya, ambako namba ya kanda ni 2. Hata hivyo si kila diski inayokataa kucheza ina tatizo la kanda. Vumbi, unyevu wa bahari, leza iliyochoka, mfumo wa rangi wa televisheni na diski isiyofungwa vizuri baada ya kurekodiwa huleta matokeo yanayofanana. Kutofautisha vyanzo hivyo ni muhimu kwa sababu kiendeshi cha kompyuta huruhusu kubadilisha kanda mara tano tu, na baada ya hapo hubaki kwenye namba ya mwisho.

## Historia

DVD iliingia sokoni nchini Japani mwezi Novemba 1996 na nchini Marekani mwaka 1997. Kampuni kubwa za filamu zilikubali teknolojia hiyo kwa sharti kwamba ziweze kudhibiti mahali ambapo kila diski ingechezwa. Wakati huo filamu ilionyeshwa kwanza katika majumba ya sinema ya Marekani, kisha ikafika nchi nyingine baada ya wiki au miezi kadhaa. Diski ambayo ingesafirishwa kutoka Marekani mapema ingeharibu mapato ya sinema za nchi hizo. Sababu nyingine ni tofauti za bei kati ya nchi na nchi, na haki za usambazaji zinazouzwa kwa kampuni tofauti katika kila soko.

Kizuizi hicho kilifungamanishwa na leseni ya mfumo wa usimbaji unaoitwa CSS, unaolinda maudhui ya diski za filamu. Mtengenezaji wa deki anayetaka kupewa funguo za CSS hulazimika kukubali pia masharti ya kanda. Kwa hiyo msimbo wa kanda ni matokeo ya mkataba wa kibiashara. Hakuna sababu ya kiufundi inayoizuia leza ya deki iliyouzwa Lindi kusoma diski iliyotengenezwa London.

Mwaka 1999 programu iliyoitwa DeCSS ilisambazwa kwenye intaneti na kuonyesha jinsi ya kufungua usimbaji huo. Mmoja wa walioitengeneza, Jon Lech Johansen wa Norwei, alishtakiwa nchini kwake na kuachiwa huru mwaka 2003. Tangu wakati huo programu huria za kuchezea video, kama VLC, zimeweza kusoma diski nyingi bila kutegemea leseni hiyo.

## Mgawanyo wa kanda

* Kanda ya 1: Marekani na Kanada
* Kanda ya 2: Ulaya Magharibi na ya Kati, Japani, Mashariki ya Kati, Misri, Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini
* Kanda ya 3: Asia ya Kusini-Mashariki, Korea Kusini, Taiwan na Hong Kong
* Kanda ya 4: Amerika ya Kilatini, Karibi, Australia na New Zealand
* Kanda ya 5: sehemu kubwa ya Afrika, Urusi, Asia ya Kati, Uhindi, Pakistani na nchi jirani
* Kanda ya 6: China bara
* Namba 7: imetengwa kwa matumizi maalumu ya kampuni za filamu
* Namba 8: ndege, meli za abiria na maeneo mengine ya kimataifa

Diski moja inaweza kuruhusu kanda zaidi ya moja. Ndani yake kuna baiti moja yenye biti nane, na kila biti husimamia kanda moja. Diski nyingi za Ulaya, kwa mfano, huruhusu kanda ya 2 na ya 4 kwa pamoja. Diski inayoruhusu kanda zote huandikwa neno ALL au namba 0. Namba 0 haimo katika mgawanyo rasmi. Ni desturi tu ya kusema kwamba hakuna kizuizi.

## Kilwa, Lindi na njia za diski

Pwani ya Kilwa imekuwa na mawasiliano na Uarabuni, Uhindi na China tangu zama za kati. Vigae vya vyombo vya Kichina vilichimbuliwa Kilwa Kisiwani na mwanaakiolojia Neville Chittick miaka ya 1960, na ukoo na biashara vimeendelea kuunganisha pwani hii na Omani hadi leo. Ramani ya kanda za DVD haikuchorwa kwa kufuata njia hizo. Omani na Dubai ziko kanda ya 2, Uhindi iko kanda ya 5 pamoja na Tanzania, na China bara ina kanda yake ya 6. Kusini, Msumbiji ni kanda ya 5 lakini Afrika Kusini ni ya 2.

Matokeo yake ni kwamba filamu halisi ya Kihindi iliyonunuliwa Mumbai haina sababu ya kikanda ya kukataa kucheza katika deki iliyouzwa kwa soko la Tanzania. Filamu hiyohiyo ikinunuliwa dukani Maskati katika toleo la kanda ya 2 pekee, deki inayofuata masharti itaikataa. Mpokeaji aliyeko Kilwa Masoko au Lindi mjini huweza kudhani diski ni mbovu, kumbe ni nzima.

Watazamaji wengi wa Tanzania walichelewa kukutana na kizuizi hiki kwa sababu walianza na VCD. VCD haina msimbo wa kanda kabisa. Filamu za Kitanzania, maarufu kama Bongo Movie, ziliuzwa kwa wingi kwenye VCD na DVD kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kufika mikoa ya kusini kwa mabasi, safari iliyokuwa rahisi zaidi baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003. Isitoshe, deki nyingi za bei nafuu zilizotengenezwa China zilikuja zikiwa zimefunguliwa kwa kanda zote. Ndiyo maana nyumba mbili za jirani zinaweza kuwa na uzoefu tofauti: diski moja hucheza katika deki isiyo na jina kubwa na kukataa katika deki ya kampuni maarufu.

## Kutambua chanzo cha tatizo

Mafundi hupata matokeo mazuri zaidi wanapoanza na mambo yasiyogharimu kitu. Mpangilio ufuatao hutenganisha tatizo la kanda na matatizo mengine.

### Alama kwenye jalada

Diski za filamu zinazouzwa kihalali huwa na picha ndogo ya dunia yenye namba katikati, nyuma ya jalada au juu ya diski yenyewe. Namba ikiwa 5, au neno likiwa ALL, kanda si chanzo cha tatizo. Namba ikiwa 1, 2, 3, 4 au 6 pekee, uwezekano wa tatizo la kanda ni mkubwa.

### Ujumbe kwenye televisheni

Deki inayokataa kwa sababu ya kanda kwa kawaida huisoma diski kwanza, kisha huonyesha maandishi ya Kiingereza yenye neno "region". Ujumbe unaosema hakuna diski, au kwamba diski haisomeki, huashiria uchafu, mikwaruzo, aina ya diski isiyokubalika au leza dhaifu. Ombi la nywila hutokana na kufuli la wazazi linalozuia filamu za watu wazima. Alama ya mkono au duara lenye mstari humaanisha tu kwamba kitufe kilichobonyezwa hakiruhusiwi wakati huo, kwa mfano kuruka tangazo la mwanzo.

### Jaribio la diski nyingine

Diski ya pili inayojulikana kuwa nzima hutoa jibu la haraka. Ikiwa deki inakataa DVD zote lakini inacheza CD za muziki na VCD, kosa haliko kwenye kanda. CD na VCD husomwa kwa leza ya mawimbi ya nanomita 780, wakati DVD husomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650. Katika deki nyingi hizi ni leza mbili tofauti, na moja inaweza kuchoka kabla ya nyingine. Ikiwa deki inakataa kila kitu, lenzi chafu, mota au umeme mdogo ndivyo vya kuchunguzwa.

### Picha bila rangi

Filamu ikianza na sauti ikasikika vizuri, lakini picha ikawa nyeusi na nyeupe au ikapanda na kushuka, tatizo ni mfumo wa rangi. Televisheni za Tanzania zilijengwa kwa mfumo wa PAL, wenye mistari 576 ya picha na fremu 25 kwa sekunde. Marekani na Japani hutumia NTSC, yenye mistari 480 na karibu fremu 30 kwa sekunde. Kanda na mfumo wa rangi ni mambo mawili tofauti: Japani na Uingereza zote ni kanda ya 2, lakini ya kwanza hutumia NTSC na ya pili PAL. Deki nyingi hurekebishwa kwa kitufe cha SETUP kwenye rimoti, kwa kuchagua PAL au AUTO katika sehemu ya aina ya televisheni.

### Diski iliyorekodiwa nyumbani

Diski za harusi, maulidi, mahafali na mazishi zinazorekodiwa na wapiga video kwa kawaida hazina msimbo wa kanda, hata kama zimetoka Maskati au London. Zikikataa kucheza, sababu ya kawaida ni kwamba diski haikufungwa mwisho wa kurekodi, hatua ambayo kwenye kamera na mashine za kurekodi huandikwa "finalize". Bila hatua hiyo diski husomeka tu katika mashine iliyoirekodi. Sababu nyingine ni kuwa diski ina mafaili ya kompyuta yasiyotambuliwa na deki ya zamani, au kwamba deki haikubali diski tupu za aina iliyotumika. Kubadilisha kanda kwa ajili ya diski ya namna hii ni kupoteza nafasi bure.

## Utatuzi

### Deki ya kawaida

Deki nyingi zina menyu iliyofichwa inayofunguliwa kwa kubonyeza vitufe fulani vya rimoti kwa mpangilio maalumu. Mpangilio huo hutofautiana kwa kila modeli. Hakuna namba moja inayofungua deki zote. Jina kamili la modeli huandikwa nyuma au chini ya deki, na hilo ndilo linalohitajika, si jina la kampuni peke yake. Baadhi ya modeli hazina menyu hiyo. Kuweka programu ya ndani iliyotengenezwa kwa modeli nyingine kunaweza kuiua deki kabisa, hivyo hatua hiyo haifai kwa kifaa ambacho bado kinacheza diski nyingine vizuri.

Deki iliyofunguliwa kwa kanda zote bado inaweza kukataliwa na baadhi ya diski za kanda ya 1 zilizotolewa kuanzia mwaka 2000. Diski hizo huiuliza deki namba yake, na zikijibiwa kwamba inakubali kanda zote, husimama. Suluhisho ni kuiweka deki kwenye namba 1 hasa, badala ya 0, kisha kuirudisha baada ya filamu.

### Kiendeshi cha kompyuta

Viendeshi vya DVD vilivyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hufuata utaratibu uitwao RPC-2. Namba ya kanda huhifadhiwa ndani ya kiendeshi chenyewe, na mtumiaji anaruhusiwa kuiweka mara tano, uchaguzi wa kwanza ukiwa ndani ya hesabu hiyo. Kufuta Windows na kuisakinisha upya hakurudishi nafasi zilizotumika, kwa kuwa hesabu haiko kwenye diski kuu ya kompyuta. Viendeshi vya zamani zaidi, vya RPC-1, havina hesabu hiyo. Ukaguzi hufanywa na programu ya kuchezea.

Katika Windows, nafasi zilizobaki huonekana kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, katika sifa za kiendeshi cha DVD. Katika kompyuta za Apple, dirisha la kubadilisha kanda hujitokeza lenyewe diski ya kanda nyingine inapoingizwa. Hatari kubwa iko kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kama ya shule au ya duka la kurekodi: kila mtu akikubali dirisha hilo bila kusoma, nafasi tano huisha haraka, na kiendeshi kinaweza kujifunga kwenye kanda ambayo hakuna anayeihitaji.

Kwa sababu hiyo hufaa kujaribu kwanza programu ya VLC bila kubadilisha chochote. Katika viendeshi vingi hucheza diski ya kanda nyingine, ingawa vipo vinavyokataa kuitolea data. Ikishindikana, kanda ya kuchagua ni ile ya diski zilizo nyingi nyumbani. Familia yenye diski nyingi kutoka Omani na Uingereza inaweza kunufaika zaidi na kanda ya 2 kwenye kompyuta, huku deki ya sebuleni ikibaki kwenye kanda ya 5.

### Usafi na hali ya hewa ya pwani

Hewa ya Kilwa na Lindi ina chumvi na unyevu mwingi. Chumvi hula viunganishi vya umeme ndani ya deki, na unyevu hutengeneza ukungu juu ya lenzi hasa kifaa kinapotolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuwekwa kwenye joto. Deki iliyohamishwa hivyo huachwa ikauke kabla ya kuwashwa. Diski husafishwa kwa kitambaa laini chenye maji safi, kwa kufuta kutoka katikati kwenda ukingoni. Kufuta kwa kuzungusha huacha mikwaruzo inayofuata njia ya data, ambayo ni vigumu zaidi kwa deki kuivuka.

## Masuala ya kisheria

Katika Tanzania bara, filamu hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake, COSOZA. Kutazama nyumbani diski halisi iliyonunuliwa nchi nyingine ni jambo tofauti na kuzalisha nakala zake za kuuza bila idhini ya mwenye haki. Maonyesho ya malipo katika vibanda vya video, maarufu kama vibanda umiza, yanaangukia pia chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Tangu mwaka 2013 bidhaa za filamu na muziki zilizouzwa nchini zilitakiwa kuwa na stempu ya kodi ya TRA.

Nchi chache zimeshughulikia msimbo wa kanda moja kwa moja katika sheria zao. Australia, kwa marekebisho ya mwaka 2006, na New Zealand, kwa marekebisho ya mwaka 2008, hazikuuhesabu udhibiti wa masoko ya kijiografia kuwa kinga ya kiteknolojia inayostahili ulinzi wa sheria ya hakimiliki.

## Baada ya DVD

Diski za Blu-ray zina kanda tatu tu, A, B na C. Tanzania, Omani, Afrika Kusini na Ulaya ziko pamoja katika kanda B, wakati Uhindi na China bara ziko katika C. Kwa hiyo uhusiano umegeuka: diski ya Maskati sasa inalingana na kifaa cha Lindi, na ya Mumbai ndiyo inayoweza kukataliwa. Blu-ray haichezi kabisa katika deki ya DVD, kwa sababu husomwa kwa leza ya nanomita 405. Diski za Ultra HD Blu-ray, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, hazina msimbo wa kanda.

Huduma za filamu kwenye intaneti zimeondoa diski lakini hazikuondoa mipaka. Mkataba wa usambazaji bado hugawanywa kwa nchi, na filamu inayoonekana nchi moja huweza kukosekana katika nyingine.

## Kuhifadhi diski za familia

Kadiri deki zinavyopungua madukani na kompyuta mpakato mpya zinavyotoka bila kiendeshi cha diski, hasara kubwa zaidi haiko kwenye filamu za kununua, ambazo mara nyingi hupatikana kwa njia nyingine. Iko kwenye diski za kurekodiwa, ambazo huenda nakala yake ni moja tu. Tabaka la rangi linalobeba data katika diski za DVD-R huharibika kwa joto, jua na unyevu, na diski iliyowekwa dirishani huweza kuacha kusomeka ilhali haina mkwaruzo hata mmoja.

Kwa kuwa diski hizo kwa kawaida hazina CSS wala msimbo wa kanda, kompyuta yoyote yenye kiendeshi kizima inaweza kunakili folda yake ya VIDEO_TS kwenye flashi au diski ya nje. Diski iliyokataa kucheza kwenye deki moja hujaribiwa katika kiendeshi kingine kabla ya kutupwa, kwani viendeshi hutofautiana katika uwezo wa kusoma diski zilizofifia. Diski ambayo haikufungwa inaweza kukamilishwa kwenye kamera au mashine iliyoirekodi, mradi kifaa hicho bado kipo. Nakala mbili zilizowekwa katika nyumba mbili tofauti hupunguza hatari ya kupoteza zote kwa moto, mafuriko au wizi.

## Tazama pia

* DVD
* Hakimiliki
* Kilwa Masoko
* Mkoa wa Lindi
* Filamu za Tanzania